Chini ya Maegesho ya Dodger Stadium Kuna Shule

Ile kofia ya bluu yenye herufi L na A zilizopandana unaijua. Ipo Kariakoo, ipo Gikomba, ipo kwenye video za wasanii, ipo kichwani kwa dereva bodaboda wa mtaani kwako. Wengi wanaoivaa hawajawahi kuangalia besiboli hata dakika tano, na hakuna ubaya, kofia ni kofia. Ila kofia ile ina uwanja, uwanja una kilima, na kilima kina stori. Mimi nimeivaa miaka kadhaa bila kuijua. Nimekuja kuijua nikiwa nimeshapaki gari juu yake.

Kaa vizuri basi, hii ni ndefu kidogo.

Safari ya viwanja

Wamarekani wana aina moja ya likizo ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaweza kucheka. Watu wanajaza gari mafuta, wanabeba maji na biskuti, halafu wanazunguka mji kwa mji kuangalia viwanja vya besiboli. Ligi kuu ina timu 30, na wapo wanaochukua miaka mpaka wamalize viwanja vyote, wakitunza tiketi kama vile sisi tunavyotunza picha za harusi.

Sisi hatukuwa na ubavu wa viwanja 30. Tulichukua California peke yake, tukianzia kusini kupanda kaskazini: San Diego, Anaheim, Los Angeles, kisha San Francisco.

San Diego kuna Petco Park, uwanja wa 2004. Ukiingia macho yanaenda moja kwa moja kwenye ghala la matofali mekundu lililochomekwa ndani ya uwanja, upande wa kushoto. Lilijengwa 1909. Wakati wa kuchora ramani lilikuwa limekaa vibaya kabisa, njiani. Badala ya kulivunja wakauchora uwanja kulizunguka, na leo kona ya lile ghala ndiyo alama ya mpaka wa uwanja. Watu wanapiga nalo picha kuliko hata wachezaji.

Kumbuka hilo ghala. Tutalirudia.

Anaheim ilikuwa ya haraka. Uwanja wa 1966, una miamba ya kutengeneza na maji yanayoruka nyuma ya uwanja, watoto wanaufurahia sana. Tukasonga mbele.

Halafu Los Angeles. Dodger Stadium haipo katikati ya majengo kama viwanja vingine, ipo juu ya kilima, karibu kabisa na katikati ya jiji. Unapanda na gari taratibu kwenye foleni, magari mbele, magari nyuma, kisha ghafla unaona bahari ya lami. Maegesho yamezunguka uwanja pande zote, nafasi elfu kumi na kitu. Tukapaki, tukashuka, tunanyoosha miguu. Mwenzetu mmoja, yule wa kundi ambaye lazima asome kila kitu kabla ya safari, akaangalia chini kwenye lami akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba sehemu fulani chini ya lami hii kuna shule ya msingi imezikwa.

Tukadhani anatania. Hakuwa anatania.

Kulikuwa na mitaa mitatu

Kabla ya uwanja, kilima hiki na mabonde yake kiliitwa Chavez Ravine, na ndani yake kulikuwa na mitaa mitatu: Palo Verde, La Loma na Bishop. Walioishi hapo wengi walikuwa Wamarekani wenye asili ya Mexico. Mamia ya familia. Barabara nyingi hazikuwa na lami. Watu walifuga kuku na mbuzi, walilima mboga nyuma ya nyumba, walikuwa na kanisa lao, maduka yao na shule yao, Palo Verde Elementary. Yaani kijiji kamili ndani ya jiji, na ukisimama ukingoni unaona majengo ya mjini pale chini.

Swali la kawaida ni: kwa nini waliishi huko mlimani wakati jiji ni kubwa? Jibu ni kwamba hawakuwa na chaguo kubwa. Sehemu nyingi za Los Angeles hati za nyumba ziliandikwa masharti kwamba nyumba hii isiuzwe kwa mtu asiye mweupe. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kusema mwaka 1948 kwamba masharti ya namna hiyo hayawezi kulazimishwa mahakamani, ila tabia haikufa siku hiyo hiyo. Chavez Ravine ilikuwa mahali ambapo mtu wa asili ya Mexico aliweza kununua kiwanja, akajenga chumba kimoja, mwaka unaofuata akaongeza kingine. Kwa watu wa mjini hiyo ilikuwa kota ya mabanda. Kwa wenyewe ilikuwa kwao.

Majina yao hutayakuta kwenye bango lolote pale uwanjani. Na mimi sitaanza kuwataja mmoja mmoja hapa, maana wengi wana watoto na wajukuu wanaoishi maisha yao. Ninachotaka ujue ni kwamba walikuwepo.

Barua ya Julai 1950

Mwaka 1949 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya nyumba iliyotoa fedha kwa majiji kuvunja maeneo yaliyoitwa duni na kujenga nyumba za gharama nafuu. Los Angeles ikachukua mgao wake, ikaangaza macho, ikaiona Chavez Ravine.

Julai 1950 familia zikapokea barua kutoka mamlaka ya nyumba ya jiji. Ujumbe ulikuwa huu: eneo lenu limechaguliwa, mtatakiwa kuuza. Na ikaja ahadi. Nyumba mpya zikikamilika, nyinyi mtapewa nafasi ya kwanza.

Mradi wenyewe haukuwa wa kitoto. Uliitwa Elysian Park Heights. Mchoraji alikuwa Richard Neutra, mmoja wa wasanifu majengo wakubwa wa zama zile, akishirikiana na Robert Alexander. Walipanga minara 24 ya ghorofa 13 kila mmoja, pamoja na majengo 163 ya ghorofa mbili. Jumla zaidi ya nyumba 3,300, na shule, na viwanja vya kuchezea.

Na hapa lazima tuwe wakweli. Waliobuni mradi huu hawakuwa watu wabaya wa kwenye filamu. Wengi waliamini kweli kwamba nyumba bora ni haki ya maskini. Tatizo ni kwamba hawakuwauliza wenye nyumba kama wanataka kuhamia ghorofani na kuku wao. Mtu wa Dar aliyewahi kuona alama ya X nyekundu ukutani kwake anaelewa bila kufafanuliwa. Neno fidia ni tamu mdomoni mwa anayelipa.

Wengi waliuza. Baadhi waliamini ile ahadi. Baadhi waliogopa kubaki peke yao, maana jirani akishaondoka na nyumba yake ikavunjwa, usiku unakuwa mrefu. Wachache wakagoma. Kufikia miaka michache baadaye, kilima kilichokuwa na kelele za watoto kikabaki na nyumba za kuhesabika.

Ahadi ikafa kwa neno moja

Neno lenyewe ni ukomunisti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa kwenye homa ya kuwasaka wakomunisti kila kona, mpaka Hollywood. Wapinzani wa nyumba za umma, wakiwemo wenye biashara ya majengo, walisema serikali kujenga nyumba ni ujamaa unaoingilia mlango wa nyuma. Mwaka 1952, kwenye kesi kuhusu eneo hilo, afisa mmoja wa mamlaka ya nyumba aliulizwa ataje vyama alivyokuwa mwanachama. Akakataa kujibu. Akafukuzwa kazi, na baadaye, kwa kukataa tena maswali ya namna hiyo mbele ya kamati ya Bunge, akafungwa jela.

Mwaka 1953 jiji likachagua meya mpya, Norris Poulson, ambaye kampeni yake ilikuwa kuua mradi wa nyumba. Akashinda, na mradi ukafa. Jiji likanunua ardhi ile kutoka serikali kuu kwa bei ya chini, kwa sharti kwamba itumike kwa manufaa ya umma.

Sasa piga picha. Watu wamehamishwa ili wajengewe nyumba. Nyumba hazijengwi. Ardhi ipo wazi, majani yanaota kwenye misingi ya nyumba. Na ile nafasi ya kwanza waliyoahidiwa? Nafasi ya kwanza kwenye nini?

Wakati huo huo, Brooklyn

Upande wa pili wa nchi, kilomita kama 4,000, kulikuwa na timu inaitwa Brooklyn Dodgers. Hii ndiyo timu iliyompa Jackie Robinson jezi, na tarehe 15 Aprili 1947 akawa mchezaji wa kwanza mweusi kwenye ligi kuu katika karne ya 20. Uwanja wao, Ebbets Field, ulifunguliwa 1913. Mdogo, umebanwa na mitaa, hauna pa kupaki. Watu wa Brooklyn waliupenda mpaka kupitiliza.

Mmiliki wa timu, Walter O'Malley, alitaka uwanja mpya, palepale Brooklyn. Aliomba jiji la New York limsaidie kupata eneo fulani karibu na kituo cha treni. Robert Moses, aliyekuwa na sauti ya mwisho kwenye ujenzi wa jiji hilo, akasema hapana, akampa eneo la Queens. O'Malley hakulitaka.

Mei 1957 O'Malley akapandishwa helikopta juu ya Los Angeles. Chini yake akaona kilima kikubwa, karibu kitupu, na barabara kuu zinapita pembeni. Unajua kilima gani.

Oktoba mwaka huo wakakubaliana. Jiji litampa takriban ekari 300 za Chavez Ravine. Yeye atalipa jiji uwanja mdogo wa besiboli aliokuwa ameununua Los Angeles, wenye ekari 9, na atajenga uwanja mpya kwa fedha zake. Dodgers wakahama, na wapinzani wao wa jadi, Giants, wakahama nao kutoka New York kwenda San Francisco.

Wapo wakazi wa Los Angeles waliouliza swali la msingi: uwanja wa mtu binafsi unakuwaje manufaa ya umma? Likapelekwa kwenye kura ya wananchi, Juni 1958. Siku mbili kabla ya kura kikarushwa kipindi cha televisheni cha saa tano kuipigia debe timu, na mastaa wa Hollywood wakapita mmoja mmoja, akiwemo muigizaji Ronald Reagan, yule aliyekuja kuwa Rais. Matokeo: ndiyo kura karibu 352,000, hapana karibu 326,000. Yaani hata na mastaa wote wale, tofauti ilikuwa ndogo. Walioona kuna kitu hakijakaa sawa walikuwa wengi kuliko tunavyosimuliwa.

Ijumaa ya tarehe 8 Mei 1959

Familia chache zilikuwa bado zipo mlimani, miaka tisa baada ya barua ya kwanza. Mojawapo ilikuwa imeishi pale tangu miaka ya 1920. Mahakama ilikuwa imewapangia zaidi kidogo ya dola 10,000 kwa mali yao. Wao walisema thamani yake ni dola 17,000, wakakataa kuchukua hundi.

Siku hiyo askari wa kaunti wakafika kuwatoa. Kamera za magazeti na televisheni zilikuwepo. Ipo picha moja utaiona kila mahali stori hii inapoelezwa: binti wa familia ile, mtu mzima, mjane wa askari aliyekufa vitani, kabebwa na maafisa wanne, kila mmoja kashika mkono au mguu, wanamshusha kwenye ngazi za nyumba yao. Alikuwa amesema hatoki kwa miguu yake, na kweli hakutoka kwa miguu yake. Dakika chache baadaye tingatinga likaingia.

Wazazi wake walikuwa wazee. Familia ikaweka hema palepale, ikapika palepale, ikalala palepale kwa siku kadhaa. Jiji zima likawa linawazungumzia.

Kisha upepo ukageuka. Magazeti yakaibua kwamba familia inamiliki nyumba nyingine sehemu tofauti za jiji. Ghafla huruma ikakauka. Watu waliokuwa wanalia nao juzi wakaanza kuwasema matapeli. Na ni kweli walikuwa na nyumba nyingine. Lakini nimelifikiria sana hili tukiwa barabarani: hivi ukiwa na nyumba mbili, ile ya kwanza inaacha kuwa yako? Tunapenda anayeonewa awe msafi kama malaika, akikutwa na doa moja tu tunaona tumepata ruhusa ya kutomjali.

Wakaondoka. Hakukuwa na mtu mwingine wa kubebwa.

Kuzikwa

Septemba 1959 ujenzi ukazinduliwa. Ili kupata bakuli la uwanja walikata vilele na kujaza mabonde, wakahamisha udongo wa mita za ujazo zaidi ya milioni 6. Shule ya Palo Verde, badala ya kuvunjwa na kusombwa, waliing'oa paa na kuijaza udongo. Ndiyo ile iliyo chini ya maegesho. Sijui kama kuna jambo linaloieleza stori hii vizuri zaidi ya hilo. Hata kuivunja hawakujisumbua.

Tarehe 10 Aprili 1962 uwanja ukafunguliwa. Siku ya kwanza mashabiki wakagundua kwamba ndani ya uwanja wote hakuna bomba la maji ya kunywa kwa ajili yao. Ukitaka kunywa, nunua soda au bia. Na Dodgers wakafungwa na Cincinnati, 6 kwa 3. Karma hiyo, wangesema vijana wa siku hizi.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya niandike. Kule Brooklyn, uwanja wa zamani ulianza kuvunjwa Februari 1960. Unajua walijenga nini mahali pake? Nyumba. Majengo marefu ya kupanga yakasimama palipokuwa na Ebbets Field, yakafunguliwa 1962. Mwaka ule ule. Los Angeles watu waliondolewa majumbani ili kije kiwanja, Brooklyn kiwanja kikaondolewa ili zije nyumba. Na pande zote mbili kuna watu waliolia.

Uwanja wenyewe ni mzuri, hilo ndilo tatizo

Ningependa kukuambia kwamba uwanja ni mbaya, ingekuwa rahisi. Ila ni mmoja wa viwanja vizuri nilivyowahi kukanyaga.

Leo ni wa tatu kwa umri kwenye ligi kuu, baada ya Fenway Park ya Boston (1912) na Wrigley Field ya Chicago (1914), lakini hauonekani mzee. Umechongwa ndani ya kilima, kwa hiyo unaweza kupaki gari usawa wa jukwaa lako, ukaingia bila kupanda ngazi nyingi. Viti vina rangi kwa ngazi, njano, chungwa, kijani cha bahari, bluu. Paa la majukwaa ya mbele limekunjwa kunjwa kama karatasi. Nyuma yake mitende, nyuma ya mitende milima ya San Gabriel. Jua likianza kuzama milima inageuka zambarau na watu 56,000 wanatoa simu kwa pamoja.

Kwa msiojua besiboli, somo la dakika moja. Hakuna dakika 90. Kuna raundi tisa. Timu moja inarusha mpira, nyingine inapiga kwa gongo. Mpigaji akiukosa mara tatu, katoka. Wakitoka watatu, mnabadilishana. Ukiupiga vizuri unakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu unarudi pale ulipoanzia. Pale panaitwa nyumbani. Ukifika nyumbani ndiyo pointi. Mchezo mzima ni watu kuhangaika kurudi nyumbani, na wenzao kuwazuia. Nilikuwa nalijua hilo siku nyingi. Jioni ile lilinikaa vibaya kidogo.

Jukwaani kwetu Kihispania kilisikika sawa na Kiingereza. Bibi mmoja na wajukuu wake, jezi za bluu kuanzia mdogo mpaka mkubwa. Vijana wenye mchoro wa LA shingoni. Ilinishangaza. Baada ya yote yale?

Kumbe kuna mtu katikati ya stori. Huyu nitamtaja, maana dunia inamjua: Fernando Valenzuela. Alitoka Etchohuaquila, kijiji kidogo jimbo la Sonora, Mexico. Mwaka 1981, akiwa na miaka 20, alipewa mpira kuanza mechi ya kwanza ya msimu, akawazima Houston bila pointi. Akashinda mechi zake nane za mwanzo mfululizo. Mwili wa kawaida, tumbo kidogo, kabla ya kurusha anaangalia juu mbinguni kama mtu anayekumbuka kitu. Mwaka ule akachukua tuzo ya mrushaji bora na ya mchezaji bora mgeni kwa pamoja, na timu ikachukua ubingwa. Kuna familia za Kimexico zilizokuwa zimeapa kutokanyaga uwanja ule. Wengi walirudi kwa ajili yake, kwa sababu kijana aliyefanana na mtoto wao alikuwa amesimama katikati ya kilima kile kile, na safari hii hakuna askari aliyeweza kumbeba kumtoa.

Valenzuela alifariki Oktoba 2024, siku chache kabla timu yake haijaanza fainali ambayo ilikuja kushinda. Jezi yake namba 34 imestaafishwa.

Je, hiyo inafuta ya 1959? Hapana. Wapo watoto wa wale waliohamishwa ambao mpaka leo hawaingii. Wapo wanaoingia na kushangilia. Wapo waliokuwa wakikutana kila mwaka kwenye bustani ya Elysian Park, jirani kabisa na uwanja, wanakula, wanakumbushana nani alikaa wapi. Walijiita Los Desterrados, yaani waliong'olewa kwao. Nimependa kwamba hawakujiita wahanga.

Na suala halijaisha. Mwaka 2024 wabunge wa California walipitisha muswada wa kuchunguza jinsi ya kuwafidia wale waliopoteza nyumba na vizazi vyao. Gavana akaukataa, akisema kazi hiyo inafaa ifanywe ngazi ya chini, siyo na jimbo. Miaka 74 baada ya barua ya kwanza, bado watu wanaelekezwa dirisha la pili.

Tukaondoka

Mechi ilipofika raundi ya saba watu wakasimama wote, wakanyoosha miguu, wakaimba. Ni desturi ya viwanja vyote. Baada ya hapo wengi wa Los Angeles wanaanza kutoka, maana wanaiogopa foleni kuliko kufungwa. Sisi tulibaki mpaka mwisho. Nje, karibu na lango la nyuma ya uwanja, kuna sanamu ya Jackie Robinson, iliyowekwa 2017, anateleza akielekea nyumbani. Anastahili kila gramu ya ile shaba. Nikatafuta kitu chochote kinachotaja Palo Verde, La Loma au Bishop. Nilizunguka mpaka wenzangu wakaanza kunipigia simu. Sikuona.

Hapo ndipo nikalikumbuka lile ghala la San Diego. Matofali ya 1909, yalikuwa njiani, wakasema hapana, tuyalinde, tujenge kuyazunguka. Kwa hiyo inawezekana. Watu wakiamua kwamba kitu kina thamani, ramani inapinda.

Tulitembea kwenye lami kurudi kwenye gari, taa za uwanja zinazimwa nyuma yetu. Hakuna aliyeongea sana. Mbele kulikuwa na kilomita 600 hivi mpaka San Francisco, kwa wale Giants waliohama pamoja nao, kwenye uwanja ambao watu wanasubiri mipira majini wakiwa kwenye mitumbwi. Mzuri nao, nitauandikia siku yake.

Kofia bado ninayo. Sijaitupa. Lakini mtu akinisifia kofia sasa hivi, nina stori ya kumpa, na huwa naanzia kwenye shule.

Niambie na wewe: mtaani kwenu kuna uwanja, soko, barabara au jengo ambalo chini yake kulikuwa na makazi ya watu? Panaitwaje sasa, na palikuwa panaitwaje zamani? Andika jina la zamani hapo chini. Hata jina tu linatosha.